Kalikiti na Vitambaa vya Makochi

Wapo miongoni mwenu ambao wakilisikia tu neno kalikiti watacheka, na wapo ambao itabidi wawaulize wazazi wao. Kwa hao wa pili tunaeleza: kalikiti ni ule mtindo uliotawala vichwa vya watu wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, nywele za mviringo mviringo, zilizolegea, zinazong'aa na kudondosha maji na mafuta mpaka kwenye kola ya shati. Wanawake walikuwa nayo, wanaume walikuwa nayo, na kuna picha nyingi za harusi ambamo bwana na bibi harusi wote wawili wanang'aa vichwa kwa kalikiti. Tunaoandika ni ndugu watatu wa kike, wazaliwa wa Ngamiani, Tanga. Leo mmoja wetu yuko Birmingham, mmoja Muscat na mmoja Minneapolis, na makala haya tumeyaandika kwa kupigiana simu, kila mmoja akichangia anachokumbuka.

Tuanze na neno lenyewe, maana lilitoka kwenye boksi. Huko Marekani alikuwepo mtengeneza nywele wa kizungu, Jheri Redding, aliyekuwa hodari wa kuchanganya dawa, na mtindo huu kule kwao ukaitwa kwa jina lake. Lakini kuufanya saluni kulikuwa ghali. Ndipo Mmarekani Mweusi mmoja, Comer Cottrell, mwenye kampuni ya Pro-Line, alipotoa karibu na mwaka 1980 boksi lenye kila kitu cha kufanyia mtindo huo nyumbani, kwa bei ya dola 8. Boksi hilo liliandikwa Curly Kit. Waswahili hawakuhangaika na jina la Redding. Walisoma ubavuni mwa boksi, wakalitamka kwa ulimi wao, na tangu hapo likawa neno letu kama meza na shati. Ulimsikia mtu akiambiwa, "Kalikiti yako imekauka, itie maji," na hakuna aliyefikiri kwamba anataja bidhaa ya kampuni ya mtu huko Marekani.

Kuifanya ilikuwa kazi ya siku nzima. Mama yetu aliifanya uani, karibu na bomba, kwa sababu ya harufu. Kwanza alipaka krimu kali, ikakaa, ikachoma, na nywele zikanyooka. Halafu alizigawa sehemu ndogo ndogo na kuziviringisha kwenye vijiti vyembamba vya plastiki, kila kijiti na mpira wake. Akatia dawa ya pili, mtu akavishwa mfuko wa nailoni kichwani, akakaa. Mwisho ikaja dawa ya tatu ya kuzituliza, ndipo vijiti vikafunguliwa mmoja mmoja na wote waliokuwepo wakanyamaza kuona kama imeshika. Tumekuja kusoma baadaye kwamba ndani ya unywele mna viungo vya salfa vinavyoushikilia umbo lake. Dawa ya kwanza huvikata viungo hivyo, kijiti huupa unywele umbo jipya, na dawa ya mwisho huviunga tena katika umbo hilo. Sisi watoto tulichokijua ni kwamba uani mlinuka kama mayai yaliyooza, na kwamba hairuhusiwi kukimbia karibu na beseni.

Kazi haikuishia hapo. Kalikiti ilitaka kunyweshwa kila siku kama mche wa mboga. Kulikuwa na dawa yake maalumu ya kupulizia, na ilipokosekana watu walinunua gliserini kwenye duka la dawa wakaichanganya na maji. Usiku ulilala na mfuko kichwani. Mchana ulichagua ukuta wa kuegemea. Nyumba yenye wageni wa kalikiti ilikuwa na alama kwenye migongo ya makochi, duara moja la mafuta kwa kila kiti, na ndiyo maana mama yetu alikazana kufuma vile vitambaa vyeupe vya makochi, akawa na seti mbili, moja kwenye makochi na nyingine kwenye kamba inakauka. Mwaka 1988 ilipotoka filamu ya Eddie Murphy ya Coming to America, yenye ile familia inayoinuka kwenye sofa na kuacha madoa matatu ya mafuta, Wamarekani walicheka. Sisi tulipoiona, tulicheka, halafu tukatazamana: kumbe na wao!

Sasa, msomaji kijana anaweza kuuliza, watu walipata wapi mambo hayo katika miaka ile? Swali lina haki. Hiyo ilikuwa miaka ya foleni. Vita ya kumwondoa Idi Amin ya 1978 na 1979 ilikuwa imekausha hazina. Mpaka wetu na Kenya, ulio karibu sana na Tanga, ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Sabuni ilikuwa ya kuandikiwa, sukari ya kuandikiwa, khanga ya kupigania. Televisheni Tanzania Bara haikuwepo. Ilikuja mwaka 1994. Mitindo tuliiona kwenye majalada ya santuri na kaseti, kwenye sinema, kwenye magazeti ya zamani yaliyopita mikono kumi kabla ya kutufikia, na zaidi ya yote kwenye vichwa vya mabaharia. Baharia akishuka bandarini na kalikiti, baada ya wiki mbili mtaa mzima unaitafuta. Boksi liliingia ndani ya begi la baharia, au kwa njia za panya kutoka Mombasa, na bei yake ilitajwa kwa sauti ya chini.

Mnamo Machi 1983 ikaanza ile operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Waliokuwa na magunia ya sukari na marobota ya vitambaa waliyatupa usiku barabarani na mitoni wasikutwe nayo. Mama yetu hakuwa mlanguzi, lakini chini ya kitanda alikuwa na maboksi mawili ya kalikiti, amana ya wateja waliokwisha kulipa. Usiku mmoja aliyafunga kwenye nailoni na kuyazika nyuma ya choo, chini ya mpapai. Yalikaa humo miezi. Yalipofukuliwa, la kwanza lilikuwa limeharibika, la pili zima, na wale wateja wawili wakakubaliana wenyewe kwa wenyewe wagawane. Mmoja alitiwa kalikiti ya mbele na mwenzake akatiwa ya mbele vilevile, na nyuma wote wawili wakajifunga vilemba. Tunaambiwa harusi waliyokuwa wakiiendea ilifana.

Kisa hiki tukiwasimulia watoto wetu hucheka, na tunawaacha wacheke. Lakini tumekifikiria sana. Wanawake wale hawakuwa na sabuni ya uhakika. Gauni walilopishana nalo lilikuwa moja kwa nyumba mbili. Kwa nini mtu wa hali hiyo atoe mshahara wa mwezi kwa ajili ya nywele zitakazokauka asipokuwa na gliserini? Jibu la mama yetu lilikuwa fupi: "Ukipanga foleni ya unga na kichwa kimetengenezwa, hukuonekana omba." Alijua anachokisema. Alikuwa msichana mbichi tarehe 1 Januari 1969, siku ilipoanza kazi ile Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ya kupiga marufuku vimini, suruali za kubana, wigi na krimu za kujichubua. Aliona wenzake wakizomewa njiani. Kwa hiyo alipofika miaka ya themanini, naye ni mtu mzima mwenye watoto, kichwa chake kilikuwa ni mahali pamoja ambapo hakuna kiongozi wa shina aliyempangia.

Kulikuwa na waliosema huko ni kuiga wazungu. Hilo hatukubaliani nalo. Wazungu hatukuwaona na kalikiti. Tuliowaona nayo ni Weusi wenzetu, waimbaji na wachezaji mpira, na kilichotuvuta ni kuwaona watu wanaofanana nasi wakiwa wamependeza na hawana wasiwasi. Mwezi Januari 1984 nywele za Michael Jackson ziliposhika moto kule Los Angeles wakati wa kupigwa filamu ya tangazo, habari zilifika Ngamiani. Bibi yetu hakumjua Michael Jackson ni nani. Alisikiliza kisa mpaka mwisho, akawatazama mama yetu na mashoga zake waliokuwa wamekaa sebuleni wanang'aa, kisha akanyanyuka akakisogeza kibatari upande wa pili wa chumba.

Pamoja na utamu wote huo, kuna kitu kalikiti ilikiondoa nyumbani kwetu, na ndicho kilichotufanya tuandike. Kabla yake kulikuwa na kusuka, na kusuka kulikuwa na mahali pake na saa yake. Mahali ni barazani, juu ya mkeka, baada ya swala ya alasiri siku ya Ijumaa. Msukaji amekaa kwenye kigoda, msukwaji amekaa chini, kichwa kati ya magoti. Vifaa ni chanuo, mafuta ya nazi na mikono. Mitindo ilikuwa na majina yaliyojieleza. Twende kilioni ni mistari michache minene inayokwenda moja kwa moja kisogoni, ya mtu aliyeitwa msibani na hana nafasi ya kukaa. Mabutu ni mafungu manene machache, ya mtoto wa kwenda shule. Nywele za uzi zilizungushiwa uzi mweusi tangu shinani mpaka nchani, zikasimama kama miiba, halafu zikainamishwa na kuunganishwa kama upendavyo. Bei ya yote hayo ilikuwa ni zamu: leo nakusuka mimi, kesho unanisuka wewe. Waswahili husema kinyozi hajinyoi, na msusi naye hajisuki kisogo. Mama yetu aliyesuka mtaa mzima ilimlazimu awe na mtu wa kumsuka yeye, na kwa hiyo ilimlazimu asigombane naye.

Na pale mkekani ndipo tuliposomeshwa. Mtoto anayesukwa hawezi kukimbia. Saa mbili nzima masikio yake ni ya wakubwa. Pale tulisikia nani kaposwa na nani kaachwa, tukajifunza vitendawili, tukasikia habari za mababu waliokuja kukata mkonge, tukafundishwa namna ya kumwitikia shangazi na namna ya kunyamaza mbele ya mama mkwe. Hakuna aliyesema "sasa tunakufundisheni". Mikono ilikuwa inafanya kazi na midomo inazungumza, basi.

Kalikiti haikutaka mkeka. Ilitaka kiti, kioo na maji ya bomba, na muda wa kila hatua ukihesabiwa kwa saa. Mara mama alipoanza kutozwa na kutoza fedha kwa dawa, zile zamu zikafa, kwa sababu boksi la dawa halilipwi kwa kusukana. Kabla ya mwisho wa miaka ya themanini, biashara ilipokuwa imelegezwa na bidhaa za nje zinauzwa waziwazi, kulikuwa na saluni mitaani zenye kofia za kukaushia zinazovuma. Huwezi kusimulia hadithi chini ya kofia ile, husikii hata jina lako. Kalikiti yenyewe haikuishi sana. Wanaume waliigeukia panki, pembeni zimenyolewa na juu zimesimama, na wanawake wakahamia rasta za kuongezea na dawa ya kunyoosha moja kwa moja. Lakini njia ya kwenda dukani kununua nywele ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Kuhusu hiyo dawa ya kunyoosha, kwa kuwa wengi wetu huku ughaibuni tumeitumia miaka na miaka, kuna jambo la kujua. Oktoba 2022 ulichapishwa Marekani utafiti uliowafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Wale wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi kabla ya kufika miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, wale waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Utafiti huo ulionesha uhusiano, haukusema kila anayetumia atapata ugonjwa, na haukuona uhusiano kama huo kwa dawa za kukunja nywele. Tunaandika hivyo kamili, ili asitokee wa kutishana kupita kiasi wala wa kusema hakuna kitu.

Tuje huku tuliko. Mwaka 2014 binti wa mmoja wetu, mwenye umri wa miaka kumi na mbili, alirudi kutoka shule moja hapa Uingereza na barua. Mistari yake yenye shanga, ilisema barua, haikuwa nadhifu. Tuliijibu kwa kueleza kuwa mwaka 2011 Mahakama Kuu ilikwisha kuamua kwamba kumkataza mvulana mmoja mistari, bila kujali mila za nyumbani kwao, kulikuwa ni ubaguzi usio wa moja kwa moja. Shule ilirudi nyuma kimyakimya. Mzazi aliye Uingereza leo ana nguvu zaidi: Oktoba 2022 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ilitoa mwongozo kwamba sera za shule zinazokataza mitindo fulani ya nywele, bila nafasi ya kuzingatia asili ya mtoto, yumkini ni kinyume cha sheria. Marekani nako, California ilipitisha sheria ya kulinda nywele za asili mwaka 2019 na majimbo mengine yakafuata.

Barua tulishinda, lakini binti hakufurahi. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba amechoka kuelezea kichwa chake na anataka dawa. Tukagawanyika. Wa Minneapolis alisema mwache, kichwa ni chake, mbona mama alizika maboksi chini ya mpapai na tunamsifu? Wa Muscat, ambako nywele hufunguliwa na kusifiwa ndani ya sherehe za wanawake tu, alisema asubiri miaka michache, nywele ziwe furaha kwanza kabla hazijawa vita. Wa Birmingham hakusema kitu, maana ndiye mwenye mtoto.

Wakati huo mama yetu alikuwa amekuja kututembelea. Hakuombwa ushauri. Jumamosi asubuhi alitandika kanga mbele ya kochi, akakaa, akamwita mjukuu wake: "Njoo nikufumue hiyo, nikusuke ya kupumzika. Ukitaka dawa, utaitia juu ya nywele zilizopumzika." Mtoto akakaa. Vidole vya mama vilikuwa vimeanza kukakamaa, kazi iliyokuwa ya saa mbili ikachukua tano. Katika saa tano zile Kiingereza cha mtoto hakikuwa na pa kwenda, kwa sababu bibi hakijui. "Bibi, inauma." "Inauma wapi? Sema." "Hapa." "Hapo panaitwa kisogo. Na hapa?" Mpaka jioni alikuwa na utosi, paji, kisogo, panja na mzizi wa unywele, amejua twende kilioni ni nini, na amesikia kisa cha mpapai kwa mdomo wa mwenyewe, chenye maneno ambayo mama hakuwahi kutuambia sisi.

Tungependa kusema kwamba binti aliacha kutaka dawa. Hakuacha, alitia akiwa na miaka kumi na sita, akaikata akiwa na kumi na tisa, na leo anasuka wenzake chuoni. Hayo ni yake. Jambo lililotukaa sisi ni zile saa tano. Miaka kumi na mbili tulikuwa tumempeleka madarasa ya Kiswahili ya Jumapili, tumemnunulia vitabu, tumemkemea mezani, na hakuwahi kukaa ndani ya lugha kwa saa tano mfululizo. Huku Marekani na Ulaya tunawapeleka mabinti kwa wasusi hodari wa kutoka Senegali na Mali, tunalipa zaidi ya dola 200, mtoto anakaa kutwa na simu mkononi. Hatuwalaumu wasusi, wanafanya kazi njema, wala hatumlaumu mama anayefanya kazi zamu mbili. Tunasema tu kwamba mara moja kwa mwezi, kwa mwenye nafasi, kanga itandikwe na kichwa kirudi kati ya magoti. Wavulana pia, siku hizi wanasuka mistari kuliko dada zao. Usukaji usiwe mzuri, si kitu. Mabutu hayahitaji ufundi.

Na kwa sisi wenye picha za miaka ya themanini, zile za studio zenye pazia la maua na tarehe nyuma, tunalo ombi. Wengi wetu tunawajua waliomo pichani. Wachache tunakumbuka ni mikono ya nani iliyotengeneza vichwa vile, na kila mwaka mikono hiyo inapungua. Wapigieni simu shangazi na mama zenu walioko Tanga, Mombasa, Unguja, Bujumbura, Salalah. Ulizeni mtindo ule uliitwaje, aliufanya nani, na gliserini ilitoka wapi. Kisha chukueni kalamu, geuzeni picha, na chini ya tarehe mwandike jina la msusi.